Vumbi tumelisifia vya kutosha, tuongelee matope

Kila stori ya chuma baharini inaanza na Sahara: upepo unapuliza, vumbi lenye chuma linaangukia Atlantiki, mwani unapata chakula, basi. Sibishi, ni kweli kabisa. Ila mi naona matope ya pwani yanaonewa, hasa yale yaliyolala chini ya maji ambayo oksijeni imekaribia kuisha, maana pale ndo kemia inapinduka.

Kituko chenyewe ni hiki: chuma ni kama asilimia 5 ya ganda la dunia, kipo kila kona, halafu nenda kwenye maji ya juu ya bahari kuu unakuta hakifiki hata nanomoli 1 kwa lita, yaani chini ya nanogramu 56 (bilioni za gramu) kwenye lita nzima! Mkosaji ni oksijeni. Chuma kina hali mbili baharini, kuna kilichopoteza elektroni mbili na kuna kilichopoteza tatu, tuviite tu chuma mbili na chuma tatu. Chuma mbili kinayeyuka bila shida, lakini kwenye maji ya uvuguvugu yenye oksijeni ya kutosha nusu yake inageuka chuma tatu ndani ya dakika chache, na chuma tatu kwenye pH ya 8 hivi, ambayo ndiyo ya maji ya bahari, hakitaki kabisa kuyeyuka, kinakuwa kutu, kinaganda kwenye chembechembe kinazama nazo. Hicho kidogo kinachobaki majini karibu chote, zaidi ya asilimia 99, kimeshikiliwa na molekuli za kikaboni zinazoitwa ligandi.

Sasa njoo pwani ya Peru. Upepo unasukuma maji ya juu yanaondoka, ya chini yanapanda na naitreti zao, yaani mbolea ya mwani, mwani unastawi kupita kiasi, unakufa, unazama, na bakteria wanaoula wanamaliza oksijeni yote. Ikiisha hawakai wakalia, wanahamia kwenye naitreti, kisha manganizi, kisha kutu. Ndiyo, kuna bakteria wanapumua kutu, kina Geobacter na wenzake, elektroni ambazo sisi tunaipa oksijeni wao wanakipa chuma tatu, kinarudi kuwa chuma mbili, kinayeyuka na kuvuja kutoka matopeni. Maji ya karibu na sakafu huko yamepimwa yakakutwa na makumi ya nanomoli kwa lita, na kwa kuwa hakuna oksijeni ya kukiwahi, chuma mbili kinadumu masaa mengi badala ya dakika. Fosfeti, chakula kingine cha mwani, iliyokuwa imenaswa kwenye kutu nayo inaachiwa hapohapo.

Kama huamini matope, angalia California. Upepo uleule, maji yaleyale yanapanda, lakini sehemu ambazo sakafu ya kina kifupi ni pana zina chuma cha kutosha, ukishuka pwani ya Big Sur, hukohuko California, ambako sakafu hiyo ni nyembamba na inaporomoka haraka unakuta naitreti imejaa na diatomu, aina ya mwani, wanashindwa kuitumia kwa kukosa chuma. Kwangu huo ni ushahidi mzito.

Kukipima ni kazi nyingine, meli yenyewe ni ya chuma jamani. Vipimo vingi vya zamani havifai kitu, vilikuwa vinapima kutu ya meli, mpaka kina John Martin, mwanasayansi wa bahari, walipoanza kuchota maji kwa umakini wa ajabu, kamba za Kevlar (nyuzi imara zisizo za chuma) na chupa zisizo na chuma. Chuma mbili ndo balaa zaidi kwa sababu lazima upime palepale melini, na wengi wanatumia luminoli, kemikali ileile ya polisi wanaotafuta damu.

Halafu kuna hili ambalo watu wanaliruka: si kwamba oksijeni ikipungua chuma kinaongezeka tu moja kwa moja. Hapana bwana. Naitreti ikiisha, kutu ikiisha, bakteria wanaanza kupumua salfeti, chumvi ya salfa iliyojaa baharini, inatoka hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na hiyo ikikutana na chuma mbili wanashikana wanakuwa tope jeusi, baadaye pairaiti (madini ya chuma na salfa), na hapo chuma kimefungiwa chini. Bahari Nyeusi iko hivyo, matope ya pembezoni yanatoa chuma, kinasafiri mpaka katikati kwenye kina kirefu, kinakutana na salfaidi kinazikwa huko. Namibia nako salfaidi mara nyingine inatoka mpaka juu, mawingu ya salfa yanaonekana kwenye picha za satelaiti.

Kwa hiyo kuna nafasi ya katikati, oksijeni haipo na salfaidi haijafika, na humo ndimo pwani inatoa chuma kingi. Bahari za dunia zimepoteza zaidi ya asilimia 2 ya oksijeni tangu 1960, na wengine wanasema basi chuma kitaongezeka, mi hapo nawaambia wasubiri kwanza, kuna matope yataingia kwenye hiyo nafasi na kuna mengine yataipita yaende kwenye salfaidi. Ukiniletea pwani iliyoishiwa oksijeni sikuulizi chuma ni kiasi gani, nakuuliza kwanza kama naitreti bado ipo, maana ikiwepo salfaidi haijatawala.