Asubuhi upasuaji wa mtoto wa jicho uliporudi

Mwaka 2020, upasuaji wa mtoto wa jicho uliporuhusiwa tena baada ya kusimamishwa kwa ajili ya korona, nilipangiwa kuwasimamia madaktari wanaosomea ubingwa wa macho siku ya kwanza. Orodha ilikuwa fupi, maana chumba cha upasuaji kiliachwa kitupu kati ya mgonjwa na mgonjwa ili hewa ibadilike. Wote walifika mapema. Walinawa mikono bila maneno, na utani wa kwenye sinki, ambao kwa kawaida hauishi, haukuwepo.

Wengi walidhani madaktari hao wanaogopa virusi tu. Kweli, hofu hiyo ilikuwepo, na ilikuwa na jina: Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyewaonya wenzake tarehe 30 Desemba 2019, akafariki Februari 2020. Inaaminika aliambukizwa na mgonjwa wa presha ya jicho asiye na dalili yoyote. Anayechunguza macho hawezi kukaa mbali. Kwenye mashine ya uchunguzi uso wa daktari na wa mgonjwa hutenganishwa na sentimita 30 au pungufu. Ukishika ofthalmoskopu ya mkono, kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, mnakaribia kugusana mashavu. Lakini hofu hiyo ilikuwa na dawa za kushikika: ngao pana ya plastiki kwenye mashine, maelezo ya ugonjwa kuchukuliwa kabla mgonjwa hajaweka kidevu, na baada ya hapo kunyamaza, yeye na daktari.

Iliyowala zaidi ilikuwa hesabu. Ubingwa huu hupatikana kwa mkono. Marekani mwanafunzi hutakiwa awe amefanya angalau operesheni 86 za mtoto wa jicho kama mpasuaji mkuu. Uingereza kiwango kilikuwa 350. Tarehe 18 Machi 2020 chama cha madaktari wa macho cha Marekani kilihimiza kusitisha kila kisicho cha dharura, na kwingi ikawa hivyohivyo. Kilichobaki ni retina (utando wa nyuma ya jicho) iliyobanduka, jicho lililotobolewa, presha ya jicho iliyopanda ghafla. Kazi hizo hushikwa na mabingwa wenyewe. Mwanafunzi akabaki mtazamaji, au akapelekwa wodi ya korona kuhudumia mapafu aliyoyasoma zamani. Usiku anajiuliza kama atahitimu, na kama mkono bado upo.

Aliyepangwa kuanza alikuwa wa mwaka wa mwisho. Tukiwa tumevaa glavu akanisogelea: “Daktari, naomba mwenzangu atangulie.” Sikumbadilisha. Niliigawa operesheni. Yeye afungue tundu la pembeni la milimita 1, ajaze jeli, achane duara la milimita 5 kwenye utando wa mbele wa lenzi. Mimi nivunje kiini cha lenzi. Yeye aingize lenzi bandia.

Hatua ya duara ndiyo inayoufichua mkono uliolala. Jeli ikipungua, chumba cha mbele cha jicho kinapwaya, lenzi inasogea mbele, na mchano unakimbilia pembeni. Mwenye wasiwasi huvuta haraka zaidi, na hapo ndipo unapopotea. Dawa yake ni kuacha, kuongeza jeli, kisha kukamata kijipande cha utando kilichochanika karibu kabisa na shina la mchano na kuuvuta kuelekea katikati. Alisimama mara mbili, akaongeza jeli, akamaliza. Darubini ilipopata ukungu kwa pumzi yake, muuguzi alibana ukingo wa juu wa barakoa kwa plasta. Jambo dogo, lakini ukungu huo ulikuwa umemwongezea jasho kuliko lenzi yenyewe.

Kwa mgonjwa wa tatu nilimwachia na kiini. Huko nyuma kuna utando mwembamba, unene wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Ukipasuka, ute wa ndani ya jicho unakuja mbele na kazi nzima inabadilika. Haukupasuka.

Orodha ilipoisha tulizungumzia fomu ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, waliyotumiwa wiki zilizotangulia. Ina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa zaidi, na jibu lolote lisilo sifuri kwenye swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, hufuatiliwa siku hiyohiyo bila kujali jumla. Karibu wote walikuwa wamejaza sifuri. Kwa nini wasifanye hivyo, ikiwa majibu yanasomwa na mtu yuleyule anayewapa alama za mafunzo? Nikaambiwa pia, kwa adabu sana, kwamba mihadhara ya jioni ya kuhimiza uvumilivu, kwa kamera, baada ya kutwa nzima mbele ya skrini, iliwachosha tu.

Idara ilikubali mambo matatu. Fomu zikaenda kwa mshauri nasaha asiye na kauli juu ya kuhitimu kwao. Ratiba ya upasuaji ikatolewa wiki mbili kabla, ikitaja ni hatua ipi ya nani. Na kabla ya kila orodha, saa moja ya kuchana duara kwenye macho ya nguruwe. Mihadhara ikafutwa, na hakuna aliyeiulizia.