26 Aprili: Nini Kilitokea, na kwa Saa ya Wapi?

Tarehe 26 Aprili imebeba mengi. Guernica, mji wa Hispania, iliteketezwa kwa mabomu siku hiyo mwaka 1937. Tanganyika na Zanzibar ziliungana 1964. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl, Ukraine iliyokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, ulilipuka 1986. Afrika Kusini ilianza kupiga kura ya watu wote 1994. Ndiyo maana anayetaka kuandaa safu ya "siku kama ya leo" naona ajifunzie hapa, kwa sababu karibu kila kosa la kazi hiyo linapatikana ndani ya tarehe hii moja. Watu huiona kazi nyepesi: nakili, bandika, weka picha. Kumbe tarehe peke yake haijasema kitu mpaka useme ni tendo gani lilifanyika siku hiyo, na saa iliyosomwa ni ya wapi.

Tuanze nyumbani. Mabango ya sikukuu ya Muungano hupenda kuandika kwamba tarehe 26 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume "walitia saini Muungano". Hawakutia saini siku hiyo. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar Jumatano tarehe 22. Jumamosi tarehe 25 Bunge la Tanganyika likakutana na kupitisha sheria ya kuziridhia, Sheria Na. 22 ya 1964. Tarehe 26 Muungano ukaanza kufanya kazi kisheria, na tarehe 27 hati zikabadilishwa Dar es Salaam, ukumbi wa Karimjee. Ni matendo manne, na sikukuu imechukua lile la tatu. Ukiandika "zilitia saini" umeteleza siku nne. Ukiandika "ziliungana" uko sahihi. Tofauti nzima imekaa kwenye kitenzi. Picha maarufu ya Mwalimu akichanganya udongo nayo husambazwa ikiwa na maelezo ya "kutia saini", ilhali saini zilikuwa zimeshakauka siku kadhaa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Siku hiyo hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Iliyozaliwa ni Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina tunalolitumia leo lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Anayeandika "Rais wa Tanzania" katika habari ya Aprili 1964 amemvika mtu koti ambalo bado liko kwa fundi. Kwenye maelezo ya picha tumia jina lililokuwapo siku ile, halafu ukitaka ongeza la sasa.

Mpangilio huu wa kutia saini, kuridhia na kuanza kutumika utaukuta kila penye mkataba. Tarehe 26 Aprili ni pia Siku ya Hakimiliki Ubunifu Duniani, kwa sababu mkataba ulioanzisha shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, WIPO, ulianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1970. Saini zake zilitiwa Stockholm Julai 1967. Ukikutana na mkataba wowote, uliza tarehe tatu hizo kabla hujaandika hata neno.

Sasa Chernobyl, maana hapo ndipo saa zinapowachanganya wengi. Kitufe cha kuzima kinu namba 4 kilibonyezwa saa 01:23:40 usiku, na mlipuko ukafuata baada ya sekunde chache. Hiyo ni saa ya Moscow. Kosa la kwanza ni la kwetu sisi wasema Kiswahili: mtu anaona 01:23 anaandika "saa moja na dakika 23". Saa moja yetu ni saa ya kupambazuka au ya magharibi; 01:23 ni saa saba na dakika 23 usiku. Kanuni ya kuongeza au kutoa sita kila mtu anaijua akiwa anapanga safari, ila anaisahau akishika kalamu.

Kosa la pili ni la kanda za saa. Kwa kawaida Moscow na Afrika Mashariki zina saa moja, zote zikiwa saa tatu mbele ya saa ya dunia, hivyo wengi hawahesabu chochote. Lakini Aprili 1986 Wasovieti walikuwa kwenye saa za kiangazi, wamesogeza saa moja zaidi mbele. Kwa hiyo kinu kilipolipuka, Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa sita na dakika 23 usiku, bado ndani ya tarehe 26, lakini kwa chupuchupu. London ilikuwa saa nne na dakika 23 usiku, Ijumaa tarehe 25. Washington ilikuwa saa kumi na dakika 23 jioni ya Ijumaa hiyohiyo, na Marekani walikuwa bado hawajasogeza saa zao. Mwaka ule walisogeza Jumapili tarehe 27. Ukitumia programu ya kubadili saa, hakikisha umeipa mwaka wenyewe, si mwezi tu. Programu inayokokotoa kwa kanuni za leo itakukosesha saa nzima, na saa nzima karibu na usiku wa manane ni siku nzima.

Je, tarehe ipi iandikwe? Kanuni ninayoiona ya haki ni moja: tukio lina tarehe ya mahali lilipotokea. Chernobyl ni ya 26 hata kwa msomaji wa Washington.

Lugha yetu ina dawa ya saa hizi za usiku kuliko lugha nyingi. Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26". Usiseme "usiku wa Jumamosi". Mtu wa pwani akisikia "usiku wa Ijumaa" anaelewa usiku wa jana yake, Alhamisi baada ya magharibi, kwa sababu kwake siku huanza jua linapotua. Mtu wa bara akisikia maneno hayohayo anaelewa Ijumaa usiku. Neno "kuamkia" linawapatanisha wote wawili. Ndivyo tunavyoandika pia Mapinduzi ya Zanzibar, usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, na ndivyo inavyofaa kuandika uhuru wa Kenya, ambao sherehe zake zilianza tarehe 11 Desemba 1963 na bendera ikapandishwa saa sita usiku. Anayetafuta picha za sherehe hizo atazikuta zimeandikwa tarehe 11 na 12, na zote ni sahihi.

Bado Chernobyl: kutokea na kutangazwa ni matukio mawili. Mji wa Pripyat, jirani na mtambo huo, wenye wakazi karibu 49,000, ulihamishwa kuanzia saa nane mchana tarehe 27. Asubuhi ya tarehe 28 mitambo ya kupima mionzi katika kituo cha Forsmark, Uswidi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, ilianza kulia. Chanzo hakikuwa ndani ya kituo, upepo ndio ulioileta mionzi. Jioni ya siku hiyo ndipo Moscow ikasoma tangazo fupi kwenye televisheni. Magazeti ya dunia yanaanza kulitaja tukio tarehe 29. Mtu anayepanga tarehe kwa kutazama gazeti la kwanza lililoandika habari atakosea kwa siku tatu.

Guernica ina mtego huohuo. Ndege za Kikosi cha Condor cha Ujerumani, pamoja na za Italia, zilianza kuushambulia mji Jumatatu tarehe 26 Aprili 1937, yapata saa kumi na nusu jioni, siku ya gulio, na mashambulizi yakaendelea kwa takriban saa tatu. Habari ya mwandishi George Steer, iliyoshtua Ulaya, ilitoka kwenye gazeti la The Times tarehe 28. Ukisoma gazeti la zamani, kwanza angalia tarehe ya juu ya ukurasa, kisha tafuta maneno "jana", "juzi" na "Jumatatu" ndani ya habari yenyewe, ndipo uhesabu kurudi nyuma. Magazeti ya Jumatatu yana balaa zaidi, kwa sababu "jana" yake ni Jumapili lakini habari nyingi ni za Jumamosi.

Idadi ya waliokufa Guernica ndiyo inayobishaniwa. Serikali ya Wabaski, watu wa eneo hilo, ilitoa 1,654. Wanahistoria wa karibuni wengi wanataja mamia machache tu, kati ya 150 na 300. Upande wa Jenerali Franco, aliyekuwa akipigana na serikali ya Hispania, ulidai mji umechomwa na wenyeji wenyewe, uongo uliodumu miaka mingi. Chernobyl nayo ina 31 ya hesabu rasmi ya Kisovieti na makadirio ya maelfu kwa miaka ya baadaye, maana moja inahesabu waliokufa mapema na nyingine inakadiria saratani. Usiandike namba bila mwenye namba. "Serikali ya Wabaski ilitaja 1,654" ni sentensi salama. "Walikufa 1,654" si salama.

Afrika Kusini inaleta swali la tukio linalochukua siku kadhaa. Tarehe 26 Aprili 1994 ilitengwa kwa wazee, wagonjwa, walemavu na walio nje ya nchi, na kwa sababu ya kanda za saa, kura ya kwanza kabisa ilipigwa New Zealand. Umma kwa jumla ulipiga kura tarehe 27 na 28, na sehemu nyingine wakaongezewa 29. Mandela alipiga kura Inanda, karibu na Durban, tarehe 27, na siku hiyo ndiyo sikukuu ya taifa. Kwa hiyo 26 unaandika "uchaguzi ulianza". Ukiweka picha ya Mandela akitumbukiza karatasi, umeiba picha ya kesho.

Orodha nyingi pia humtaja William Shakespeare kuwa alizaliwa 26 Aprili 1564. Kilichoandikwa katika daftari la kanisa la Stratford siku hiyo ni ubatizo. Siku ya kuzaliwa haikuandikwa, na 23 Aprili ni mapokeo. Halafu tarehe yenyewe ni ya kalenda ya Julian, ile ya zamani ya Ulaya. Kwa kalenda yetu ya sasa ingekuwa 6 Mei. Desturi ya waandishi ni kuiacha ilivyo, kwani Uingereza haikubadili kalenda mpaka 1752. Iache, lakini usichanganye katika orodha moja tarehe uliyoibadili na ambayo hukuibadili. Wengine waliozaliwa tarehe hii, kama Charles Richter wa kipimo cha matetemeko, 1900, hawana utata, nao watoshe kwa mstari mmoja.

Kwa nyaraka za pwani ugumu ni kalenda ya Hijria. Mwaka wake una siku 354 au 355, kwa hiyo Maulidi ya Mfungo Sita hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na hayawezi kukaa kwenye ukurasa wa tarehe moja ya kizungu. Barua ya zamani ukiibadili kwa programu unaweza kukosea siku moja, kwa sababu programu inahesabu na aliyeandika aliutazama mwezi. Ikiwa barua imetaja siku ya juma, iamini siku ya juma na usogeze tarehe.

Siku ya juma ndiyo chujio la haraka kwa kila kitu. Katika mwaka wowote, 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 huangukia siku moja ya juma. Kenya ilipokuwa jamhuri, 12 Desemba 1964, ilikuwa Jumamosi. Basi 4 Aprili mwaka huo ilikuwa Jumamosi, 25 Aprili (wiki tatu mbele) Jumamosi, na Muungano ulianza Jumapili. Anayekuletea masimulizi ya "Jumatatu ile ya Muungano" mwulize kama hazungumzii tarehe 27.

Mwisho hesabu ya miaka. Toa tu: 2026 kutoa 1964 ni 62. Wanaopata 63 wamehesabu siku ya tukio lenyewe kuwa sherehe ya kwanza, wakati sherehe ya kwanza ilikuwa 1965. Kwa mwaka huo wa 2026 Guernica inatimiza 89, kura ya Afrika Kusini 32, na Chernobyl 40. Waliohama Pripyat, wakihesabu tangu walipopanda mabasi, wanatimiza kesho yake, saa nane mchana.