Kesi ya Sokrates: kura mbili, hotuba tatu

Ukitaja kesi ya Sokrates, mwanafalsafa wa Athens aliyehukumiwa kifo, kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale hapa Mombasa, hukosi kuambiwa, "Alijitakia mwenyewe." Maneno hayo huniuma, kwa sababu mara nyingi hutoka kwa mtu aliyeusoma Utetezi, kitabu ambamo Plato, mwanafunzi wake, anatoa maneno ya Sokrates mahakamani, kama hotuba moja. Ni hotuba tatu, na baina yake watu walipiga kura mara mbili.

Tazama nambari za pambizoni, zinazotumika katika matoleo ya Plato kuonyesha mahali. Kuanzia 17a hadi 35d anajibu mashtaka. Kuanzia 35e hadi 38b ameshapatikana na hatia, anapendekeza adhabu. Kuanzia 38c hadi 42a ameshahukumiwa kifo. Tia alama ya kalamu mahali hapo pawili kabla hujaanza kusoma.

Mwaka ni 399 KK, naye ana miaka 70. Athens haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Meletos, raia tu, ndiye aliyeshtaki, Anytos na Lykon wakimuunga mkono: kwamba Sokrates haitambui miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiungu, na anawapotosha vijana. Kenya nasi tulikuwa na wazee wa baraza mahakamani hadi 2007, lakini wao walimshauri jaji tu. Kule, raia 500 hivi wenye miaka 30 na zaidi, kwa malipo ya oboli 3 (sarafu ndogo za Athens) kwa siku, ndio waliokuwa jaji. Hakuna aliyewafafanulia sheria, hawakujitenga kushauriana, na rufaa haikuwepo. Yote yaliisha siku moja, muda ukipimwa kwa saa ya maji, yaani chungu chenye kitundu karibu na kitako. Kimoja kilichofukuliwa Athens huchukua lita 6.4 na huisha maji kwa dakika 6 hivi. Sokrates mwenyewe asema muda ni mfupi mno kufuta kashfa za miaka mingi, na hapo ana haki: mchezo wa kuchekesha wa mtunzi Aristofane uliomkejeli ulionyeshwa mwaka 423 KK, na wengi waliokaa kuhukumu walikua wakiyasikia hayo.

Sheria ilimruhusu amhoji mshtaki wake, naye alimbana Meletos mpaka akasema Sokrates haamini mungu yeyote kabisa. Hapo Meletos amelipinga shtaka lake mwenyewe, kwani asiyeamini uungu ataletaje mambo mapya ya kiungu? Kwa mantiki ni ushindi. Kwa kura, sidhani. Wale 500 walihitaji ushahidi wa macho, na katika Plato hawaupati. Ni katika Xenofon, mwandishi mwingine aliyeieleza kesi hii, ndipo Sokrates anapowakumbusha kuwa wamemwona akitoa sadaka kwenye madhabahu za mji.

Kisha siasa, isiyotajwa wazi. Kritias, aliyewahi kuwa mfuasi wake, aliongoza utawala wa Thelathini, watu 30 walioitawala Athens kwa mabavu, mwaka 404 KK. Msamaha wa 403 KK ulizuia kushtakiana kwa ya nyuma, ila haukuwafuta watu kumbukumbu. Mwaka 345 KK, Aiskhines, msemaji wa Athens, aliwaambia waziwazi wapiga kura mahakamani kuwa Waathens walimuua Sokrates kwa sababu alimfunza Kritias.

Sasa kura ya kwanza. Sokrates asema kura 30 zingehama angeachiwa. Kwa watu 500, hiyo ni 280 kwa 220, maana zikilingana mshtakiwa huachiwa. Halafu anaongeza kuwa Meletos peke yake angetozwa faini ya drakma 1,000, adhabu ya mshtaki asiyepata moja ya tano ya kura. Gawanya 280 kwa washtaki watatu: kila mmoja 93 na kidogo, na moja ya tano ni 100. Ametoka kupatikana na hatia na bado anapiga hesabu hiyo.

Kosa hili halikuwa na adhabu iliyowekwa na sheria. Mshtaki hutaja yake, mshtakiwa yake, na wapiga kura lazima wachague mojawapo. Kukata katikati hairuhusiwi. Meletos alitaja kifo. Uhamisho huenda wangeukubali. Lakini mtu anayeamini hakumdhulumu yeyote akijitajia adhabu, amekiri kosa. Kwa hiyo akataja anachodhani anastahili: kulishwa na mji kwenye Prytaneion, jumba la serikali ya mji, kama washindi wa Olimpia. Hapo ndipo kura zilipopotea. Kisha akataja faini ya mina 1, na mwisho mina 30, Plato, Kriton, Kritobulos na Apolodoros wakiwa wadhamini.

Wengi huiona faini hiyo dhihaka. Mina 1 ni drakma 100, drakma ni oboli 6. Basi mina 30 ni malipo ya mpiga kura ya siku 6,000. Ilikuwa fedha ya kweli, ila ilitajwa ikiwa imechelewa, baada ya ile karamu. Diogenes Laertios, aliyeandika karne nyingi baadaye, asema kura 80 zaidi ziliongezeka upande wa kifo.