Denver: msimu wa mabao, ubingwa wa kujilinda

Jumapili, 14 Aprili 2024

Jana usiku kule Saint Paul, Minnesota, timu ya Chuo Kikuu cha Denver wameifunga Boston College 2-0 na kubeba ubingwa wao wa 10 wa hoki ya barafuni ya vyuo vikuu vya Marekani. Sasa wanaongoza peke yao, Michigan wanafuata na 9. Lakini kinachonikaa kichwani leo ni namna walivyoupata.

Msimu mzima vijana wa kocha David Carle walikuwa wakifunga kwa wastani wa zaidi ya mabao manne kwa mchezo. Mtoano ulipoanza, mabao yakaadimika. Massachusetts 2-1, tena baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Cornell 2-1. Boston University 2-1, nyongeza tena. Michezo minne, wamefunga manane na kufungwa matatu tu.

Wengi watamtaja kipa Matt Davis, na ni haki yake: mashuti 35 aliyaokoa jana, sehemu kubwa kipindi cha tatu, mbele ya Cutter Gauthier wa Boston College, mwenye mabao 38 msimu huu. Mpigaji wa aina hiyo haitulizi pasi, anaiunganisha hapo hapo. Kipa inabidi asogee akiwa wima mpaka afike upande wa pili, ndipo apige magoti. Akishuka mapema, pembe za juu zinabaki wazi na kusogea tena ni shida.

Mimi naona kazi kubwa ilikuwa pia kwenye kubadilisha wachezaji, mchezo ukiendelea. Mtu hukaa barafuni kama sekunde 45, kisha miguu inaisha. Kipindi cha pili timu zinabadilishana pande za uwanja, hivyo benchi linakuwa mbali na lango lako. Beki aliyechoka hathubutu kutoka hadi wenzake wavushe kisahani (ndicho mpira wa hoki ya barafuni) mstari wa kati. Akiwahi kutoka, wapinzani wanakuja watatu kwa wawili. Na ukikibutua ovyo kutoka nusu yako kikavuka mstari wa goli la mbali bila kuguswa, kinarudishwa kwenu, na waliokuwa barafuni hawaruhusiwi kupumzishwa. Hapo ndipo timu hufungwa, miguu mizito, pumzi hakuna. Dawa yake ni pasi fupi ya kutoka nyuma, kisha kukisukumia kona ya wapinzani ukishavuka kati, wenzako wapate nafasi ya kutoka.

Mabao ya Jared Wright na Rieger Lorenz yote yalipatikana kipindi hicho cha pili. Timu inayobadilisha wachezaji vizuri huwakuta wapinzani wamechoka, na anayeingia na miguu mipya anawahi kila kisahani kilichozagaa.

Davis ametangazwa mchezaji bora wa nusu fainali na fainali. Hakuna aliyestahili zaidi, ingawa mabeki waliomsafishia mbele ya lango nao wangepewa medali ya pili shingoni.