Kitambaa cha kuzuia magugu: ninavyokitandika, na ushauri ninaoupuuza

Kila anayeniona nikitandaza kitambaa cheusi juu ya tuta huniambia jambo lilelile: "Sasa mwaga maranda na majani makavu juu yake, palizi utaisahau." Nami hujibu kwamba huko ndiko kuirudisha palizi kwa mlango wa nyuma. Matandazo yaliyo juu ya kitambaa huoza, hushika vumbi, na baada ya misimu michache yanakuwa tabaka la udongo. Mbegu zinaletwa na upepo na ndege, zinaota hapohapo juu, na mizizi yake inajipenyeza kwenye nyuzi. Hapo ukivuta gugu moja unavuta na kitambaa kizima, au shina linakatika na mzizi unabaki umesukwa ndani. Kitambaa changu kwenye matuta ya mboga hukaa wazi, hufagiliwa, na msimu ukiisha huondoka. Anayetaka matandazo atandaze moja kwa moja juu ya udongo, maana yakioza humo yanalisha ardhi.

Kuna vitambaa vya aina mbili, na watu huvichanganya. Kuna kilichofumwa kwa nyuzi bapa za polipropilini, kigumu, mara nyingi chenye mistari ya rangi inayosaidia kupima nafasi. Kuna kisichofumwa, laini, nyuzi zake zimegandishwa pamoja kwa joto. Hiki cha pili kinapitisha maji vizuri na kinafaa chini ya kokoto kwenye njia, lakini kikiachwa juani au kukanyagwakanyagwa hakichelewi kuchanika. Kwenye tuta natumia kilichofumwa, cha uzito wa gramu 100 hivi kwa mita ya mraba au zaidi. Kabla ya kununua nakiinua dhidi ya jua: nikiona mwanga umetapakaa kwenye vitundu vyake, nakirudisha. Kisha naivuta nyuzi moja ya pembeni. Ikichomoka kirahisi, ndivyo na nyingine zitakavyochomoka. Na kiwe cheusi tii, kwa sababu kaboni inayokipa weusi ndiyo inayokilinda na jua. Karatasi ya nailoni nyeusi si badala yake. Ile haipitishi maji wala hewa, na mvua ikinyesha inageuka bwawa.

Udongo sitausemea sana, kila mwenye bustani anajua kulima. Nasisitiza mambo matatu tu. La kwanza ni ndago na ukoka: ving'oe kwa jembe la meno kabla ya kufunika, maana jembe bapa huvikatakata na kila kipande kinakuwa mche. Ndago ana ncha kali kama sindano, na tunguu zake zinamtosha kusukuma hadi apate upenyo. Ukoka hauna haja ya kutoboa. Unatambaa gizani chini ya kitambaa mpaka ukutane na tundu la nyanya yako, na unachomozea hapo. La pili ni mboji. Tandaza sentimita 3 hadi 5 na uichanganye na udongo wa juu sasa hivi, kwani ukishafunika huna tena nafasi ya kuchanganya kitu. La tatu ni usawa. Piga reki mpaka tuta liwe tambarare, toa mawe na mabonge. Penye bonge kitambaa kinasimama kama hema, chini yake magugu yanapata chumba, na upepo unapata pa kushika.

Mipira ya kumwagilia kwa matone inakaa chini ya kitambaa, si juu. Ifungulie maji kabla ya kufunika, utembee ukiangalia kila tundu kama linatoa. Kuligundua lililoziba baada ya miche kunyauka ni kazi ya kufukua. Asiye na mipira alowanishe tuta vizuri kwanza, halafu baadaye amwagilie kwenye tundu la kila mche. Usishangae kitambaa kipya kikiyakataa maji mwanzoni yakibaki matone juu yake. Kikishapata vumbi kidogo kinayapokea. Penye mteremko mkali, hata kikiwa kizee, mvua kubwa itateleza juu na kuishia chini ya shamba. Huko nakata mifereji midogo ya kukinga maji, au kitambaa nakiacha kabisa.

Mwingine atakushauri ukitoboetoboe kwa msumari ili maji yapite. Usithubutu. Maji yanapita kwenye mfumo wa nyuzi, na kila tobo la msumari ni mlango wa gugu.

Kwa tuta la sentimita 90 nachukua kitambaa cha upana wa mita 1.2, kinabaki sentimita 15 kila upande za kushuka ubavuni. Nakitandika upepo umetulia, nikianzia upande unakotoka upepo: napiga pini mwanzoni, ndipo naviringisha kuelekea mbele. Vipande viwili vikikutana, vilaliane sentimita 15 hadi 20, cha juu kikiwa ndicho cha upande wa upepo ili usiingie kwenye mshono. Ukingo wa upande huo naufukia kwenye mfereji wa kina cha sentimita 10 hivi.

Pini za kununua ni sawa, ila nyingi ni fupi na nyembamba. Mimi nakata waya wa milimita 4 vipande vya sentimita 35, nakunja kila kimoja juu ya ubao wa upana wa sentimita 5, napata herufi U yenye miguu ya sentimita 15. Kwenye udongo wa kichanga miguu iwe sentimita 20 au zaidi, la sivyo upepo wa kwanza unazing'oa. Usizipake rangi, kutu inazifanya zing'ang'anie. Pembeni ninaweka pini kila mita moja, kwenye ncha na mishono kila sentimita 30. Chini ya kichwa cha kila pini naweka kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, mraba wa sentimita 4, ili waya usikate nyuzi kitambaa kinapopapatika. Walionicheka kwa hivyo viraka vya tyubu, vitambaa vyao vimechanika pembeni kote.

Sasa matundu, ambayo nayachoma kabla kitambaa hakijapanda tutani. Hapa ndipo ninapojisifu, na sioni haya.

Ushauri wa kawaida ni kuchora msalaba kwa kisu, kukunja pembe nne chini na kupanda. Kwa mti mmoja bustanini hiyo inatosha. Kwa mamia ya miche, msalaba ni balaa. Nyuzi zilizokatwa zinaanza kufumuka, zinarefuka, zinajisokota kwenye shina la mche na meno ya jembe, na mwisho wa msimu tundu la sentimita 10 limekuwa la 20. Plastiki hii dawa yake ni moto: ikiyeyuka inaganda na kuwa ukingo mgumu usiofumuka.

Ninachotumia ni makopo mawili matupu ya chuma, kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, yaliyoondolewa mfuniko upande mmoja. Kwenye kitako cha kila kopo natoboa na kufunga kwa bolti kipini kirefu cha mti, kwa sababu msumari mtupu utalegea mti ukianza kuungua. Makopo yanakaa kwenye makaa mdomo chini. Moja likifanya kazi jingine linapata moto, na hivyo kazi haisimami. Kitambaa nakitandaza juu ya bati au udongo mtupu wenye unyevu, tabaka moja tu. Kuna mjanja mmoja alikunja mara nne ili apate matundu manne kwa pigo moja. Alipata kweli, ila tabaka zote ziliyeyuka zikaungana, na akalazimika kuzibandua kwa kisu.

Kopo likiwa na joto la kutosha, libonyeze wima, hesabu moja, mbili, inua. Kiduara kinadondoka kikiwa safi. Ukiona unalazimika kukandamiza na kuzungusha, limepoa, lirudishe. Moshi ukitoka mwingi na ukingo kuwa na matone meusi, limepita kiasi. Limepata moto sawasawa pale ukingo unapobaki na ukanda mwembamba unaong'aa, usiozidi milimita 2. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, moshi huo si wa kuvuta. Weka ndoo ya maji karibu, pasiwe na nyasi kavu, wala usifanye kitambaa kikiwa juu ya mipira ya maji, maana utaitoboa nayo.

Nafasi napima kwa ubao wenye mashimo: kipande cha plaiwudi cha upana wa kitambaa, kimekatwa matundu makubwa kidogo kuliko kopo mahali pa kila mche. Nautandika, nachoma, nausogeza, tundu la mwisho likiwa alama ya kuanzia tena. Nyanya nazipa sentimita 50, pilipili hoho 40, kabichi 45, stroberi 30. Maboga na matikiti nayapa mita moja, na tundu kubwa zaidi. Kata za kunyooka, kama za mwisho wa kitambaa, nazipitishia kisu kilichopashwa moto.

Kupanda kwenyewe ni kwepesi ila kuna mtego wa joto. Mchana wa jua kali kitambaa cheusi kinachoma, na mche mchanga ukikiegemea shina linababuka usawa wa ardhi, linasinyaa, mche unalala. Watu hudhani ni sota, yule funza wa kukata miche. Sota hukata, hapa utaliona shina limekauka upande ule uliogusa plastiki. Kwa hiyo panda jioni miche iliyokomaa, ya sentimita 10 hadi 15, katikati ya tundu. Ukingo wa kitambaa ubane kwa udongo kidogo, kisha weka konzi moja ya nyasi kavu kuzunguka shina. Udongo unaochimbua uweke kwenye ndoo. Ukiumwaga juu ya kitambaa umewapandia magugu kitalu.

Mazao ya kusia mbegu kwa mstari, kama karoti, bizari na vitunguu vya kusia, usiyahangaikie kwa kitambaa. Viazi mviringo vinataka kupandishiwa udongo, navyo havifai. Stroberi ndiyo hasa mahali pake: matawi yanayotambaa hayapati pa kuotesha mizizi, na matunda hayagusi matope. Viazi vitamu vilevile, mashina hayaoti mizizi kila mahali, nguvu inarudi kwenye kiazi. Kwa miti na vichaka vya kudumu sikubaliani na wanaokiacha miaka. Mizizi inapanda kutafuta hewa na unyevu, inakwama kwenye nyuzi, na tundu lisipopanuliwa shina likinenepa, ukingo ule mgumu unalikaba shingo. Ukilazimika kukiweka, kiwe cha mwaka wa kwanza au wa pili, halafu ukitoe mti ukishashika.

Palizi haiishi, inapungua. Kila tundu litatoa gugu lake. Ling'oe likiwa na majani mawili, kabla halijakumbatiana na mizizi ya zao. Ukaguzi mwingine ni chini ya ukingo, kwani panya wanapapenda sana hapo, hasa palipo na mabonge.

Kitambaa hichohicho, kile kisicho na matundu, kina kazi nyingine kabla ya msimu. Lima, mwagilia, funika wiki 4 hadi 6 wakati wa joto. Mbegu za magugu zinaota gizani na kufa kwa kukosa mwanga. Funua, usichimbue tena kwa kina, panda. Ndago na ukoka hawatishiki kwa muda mfupi hivyo. Wana akiba chini.

Mwisho wa mavuno nakata mashina usawa wa ardhi, mizizi naiacha ioze. Pini nazing'oa kwa bisibisi na nazihesabu, kwa sababu iliyobaki udongoni itakutana na jembe au mguu. Kitambaa nakiacha kikauke juani, nakifagia, nakiviringisha kwenye bomba, na nafunga kibandiko: "nyanya, 50" au "stroberi, 30". Roli naining'iniza juu, mbali na jua na panya. Tundu nisilolihitaji msimu ujao naliwekea chini yake kiraka cha sentimita 20 cha kitambaa hichohicho, na pini moja kila upande. Kikianza kupukutika vipandevipande nakitoa siku hiyohiyo, kabla plastiki haijachanganyika na udongo.