Siku moja zahanati, wiki ya mbalamwezi

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya kupiga mswaki natazama mwalo. Mitumbwi ya dagaa imelala mchangani, yote. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo wanaume wako nyumbani. Mimi ni nesi wa zahanati ya kijiji upande wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, huu mwaka wangu wa 6. Nimejifunza kuusoma mwezi kama ninavyosoma kadi: mume akiwepo, wapo wanawake ambao hawaji kuchoma sindano ya uzazi wa mpango.

Saa 2:00. Kliniki ya watoto. Mizani, chanjo, kadi. Mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye mizani, mama anasogea sikioni: "Nesi, na mimi ile yangu." Ndiyo maana nakataa uzazi wa mpango utengewe siku yake. Huduma ni bure, nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango, imebandikwa mlangoni, lakini atakayeonekana kwenye foleni hiyo jioni atahojiwa na mama mkwe. Kadi za wanaokuja kwa siri zinabaki kwenye droo yangu. Wengi wao huchagua sindano kwa sababu haiachi alama. Kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinapapasika.

Saa 4:30. Kaja mama mwenye mtoto wa miezi 4, anataka kijiti. Mumewe anajua. Hajaona hedhi tangu ajifungue.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Mwaka wangu wa kwanza nilimrudisha mama kwa sababu hakuwa kwenye siku zake na vipimo vya mimba vilikuwa vimeisha. "Rudi ukiona damu," nilimwambia. Alikuwa ametembea mwendo wa saa 2. Aliporudi alikuwa na mimba ya miezi 4. Nilichopaswa kufanya ni kumuuliza maswali machache tu, na jibu moja la ndiyo, kama hana dalili za mimba, lingetosha kunihakikishia. Huyu wa leo ananyonyesha maziwa yake tu, mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi. Inatosha. Tunazungumza sana habari za mume na za dini, na ni kweli zipo, lakini mlango mwingine tumeufunga sisi wenyewe kwa neno "rudi".

Anaogopa kijiti kitatembea mpaka kwenye moyo. Namchoma ganzi, nakiweka, kisha naushika mkono wake akiguse mwenyewe. "Kitakaa hapo hapo, mama. Siku ukitaka kitoke, njoo, nitakitoa."

Saa 7:00. Na kweli, anakuja wa kukitoa. Damu wiki 3 mfululizo. Kwingine aliambiwa avumilie. Namweleza kwamba damu kubadilika ni jambo la kawaida, na kuna dawa ya kujaribu kwanza. Anakataa, nakitoa. Akirudi kijijini akisema alikataliwa, nani atathubutu tena? Uvumi huku unashika haraka kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake, ile ambayo hatukumwambia mama siku ya kwanza.

Saa 10:00. Nashuka mwaloni na mhudumu wa afya wa kijiji. Wanaume wanashona nyavu. Swali la kwanza ni lile lile: sindano inaleta ugumba? Hapana, nawaambia, ila ukiiacha mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa. Mmoja ananivuta pembeni. "Nesi, mke wangu anachoma?" Kadi ya mkewe imo kwenye droo. "Kaka yangu, habari ya mgonjwa haitoki mdomoni mwangu, hata yako wewe sitaitoa. Muulize yeye, kwa upole." Ananitazama kwa muda mrefu. Moyo unanidunda mpaka nafika zahanati.

Saa 1:00 usiku. Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma, kisha kalenda niliyochora mwezi pembeni. Sindano ya miezi 3 yaweza kuwahishwa wiki 2, au kuchelewa hadi wiki 4, kwa hiyo tarehe zinazoangukia mbalamwezi nazisogeza. Leo nimesogeza 7. Moja haisogezeki: wiki zake 4 za kuchelewa zinaisha kesho. Mhudumu atapita kwake asubuhi kumkumbusha kliniki ya mtoto. Ni kweli mtoto hajapimwa uzito mwezi huu, na mbele ya mumewe hilo linatosha kusemwa.