"Baiskeli imeharibika?" Nilivyojifunza kuchagua mlima Lushoto

Nilitaka kuendesha baiskeli Lushoto, mji ulio juu kwenye milima ya Usambara, Tanga. Aliyeniponza ni rafiki yangu mmoja mwenye mapaja kama magogo. "Lushoto unapanda kutokea Mombo, kilomita thelathini na kitu, lami tupu. Unapasha misuli tu." Mimi mlima mrefu niliowahi kuupanda ni daraja la juu la Tazara, Dar. Nikamwamini.

Nikashuka basi Mombo saa saba mchana, jua la utosi. Hakuna aliyenieleza kwamba Lushoto iko karibu mita 1,000 juu ya hapo. Kona ya tatu gia zikaisha, ya tano nikashuka nikawa nasukuma. Akanipita mzee mwenye mzigo wa kuni begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baiskeli imeharibika?"

"Hapana mzee. Ni mimi."

Alicheka mpaka kuni zikatikisika. Ikaja Kosta, kondakta akaifunga baiskeli kwenye keria, nikatoa elfu kadhaa bila kubembeleza. Maporomoko ya Soni niliyatazama dirishani, nimekaa.

Nilikuwa nimepania kulala kule Irente, ukingoni mwa genge, kwa ajili ya mandhari. Bahati nilifika nimechoka, nikachukua gesti mjini. Kumbe ndiyo akili yenyewe: mji uko bondeni, kwa hiyo asubuhi unapanda ukiwa na nguvu, jioni unarudi kwa mteremko. Aliyelala juu anamalizia siku kwa kusukuma.

Njia sikuwauliza tena waendesha baiskeli. Niliwauliza bodaboda: "Mkishuka, wapi mnazima injini kuokoa mafuta?" Walipotaja, nikapafuta kwenye orodha yangu. Kwa mteremko wa kuzima injini, mimi sipandi! Irente walisema wanazima vipande tu, basi siku ya kwanza nikaenda Irente, nikala mkate na jibini za shambani kule. Magamba nilipanda na gari, nikashuka kwa baiskeli katikati ya msitu, mbega wakinitazama. Shusha kiti kabla ya mteremko, na breki usiing'ang'anie, bana, achia. Mwezi wa saba chukua sweta. Masika usiende kabisa, ule udongo mwekundu unaziba magurudumu.

Siku ya mwisho nilishuka kwa baiskeli hadi Mombo, kona zote. Nikampigia rafiki yangu kumwambia barabara ya Mombo nimeimaliza yote bila kusukuma. Alinipongeza sana. Hakuuliza nilikuwa naelekea wapi.